Sikio la Upande wa Porini

Wauza maziwa wengi wa Kabuku, huku Handeni, siku hizi wana pikipiki, na Sabiri Mhando hamwonei mtu kijicho. Yeye ana baiskeli nyeusi iliyokwisha kubadilishwa kila kitu isipokuwa fremu, na nyuma yake hufunga madumu ya maziwa kwa mpira wa tyubu, moja huku na jingine huku. Alfajiri hutoka kwake Kwedizinga na madumu matupu, hukata nyika mpaka kwenye maboma ya wafugaji, hujaza, kisha hurudi kushika lami mpaka Kabuku, ambako akina mama wa migahawa wanamsubiri ili wachemshe chai ya abiria. Ni safari ambayo kijana angeifanya huku akipiga mluzi. Sabiri amevuka hamsini, magoti yake yanalia kuliko mnyororo, na mluzi alishauacha.

Uchovu wa mwili alikuwa ameuzoea. Unalala nao, unaamka nao, mnaheshimiana. Uliomshinda ni ule ulioingia nyumbani baada ya mkewe, Hamisa, kwenda Makuyuni kumwangalia mama yake. Bibi Maryamu alikuwa akiishi peke yake kule, wilayani Korogwe, macho yamepungua nuru, miguu inaanza kugoma, na binti ni binti. Hamisa alisema anakwenda mara moja. Hiyo mara moja ikawa mwezi, mwezi ukazaa mwenzake, masika ikaingia ikatoka, na kila Sabiri alipouliza utarudi lini, jibu lilikuwa inshallah. Inshallah ya namna ile kila mume anaijua: inafunga mlango bila kuubamiza.

Hawakuwa wamegombana, na hicho ndicho kilichomtesa. Ugomvi angalau unajua umeanzia wapi. Unatuma wazee, unapeleka kanga, mambo yanakwisha. Hamisa aliondoka vizuri kabisa. Alimwachia unga umesagwa, kuku wamefungiwa, kuni zimepangwa, akamuaga kama mtu anayemuaga jirani. Watu mmeishi pamoja miaka yote hiyo, mmezika mtoto mmoja, mmemlea mwingine mkamwozesha, mmelima shamba lile lile, halafu mtu anakuaga kama jirani. Sabiri aliumia, na kwa kuwa hakujua kilichomuumiza ni nini, alinyamaza akaendelea kuuza maziwa.

Binti yao Rukaya, alipoolewa, alimwachia baba yake simu ya kupangusa, kioo chake kimepasuka pembeni lakini kinaonyesha. Humo ndimo Hamisa alimokuwa akiishi sasa. Hakupenda kuandika, alituma sauti. Zilikuwa sauti za kawaida tu: umeamkaje, umekula nini, usisahau kufunika mtungi, yule mbuzi mwekundu kazaa? Sabiri alizisikiliza zote akitafuta neno moja, kwamba narudi. Hakulipata. Siku moja, katikati ya habari za mbuzi, akakutana na maneno mengine.

"Jibu lako nililipata, Baba Rukaya. Sina kinyongo."

Jibu gani? Sabiri hakukumbuka kuulizwa kitu, sembuse kujibu. Utasema si angempigia tu akamuuliza. Jaribu wewe kumuuliza mkeo wa siku nyingi, aliyekwisha kukwambia hana kinyongo, kwamba samahani, hana kinyongo cha nini? Ni sawa na kumwambia kwamba lile lililomfanya aondoke wewe hata hukulitia maanani. Sabiri aliona heri asikilize sauti zote upya, polepole, za kabla na za baada, pengine maana ilikuwa imejificha mahali fulani kwenye pumzi.

Ila azisikilize saa ngapi? Nyumbani alikuwa akifika hoi, anakula kiporo, anaegemea ukuta na simu mkononi, na usingizi unambeba kabla Hamisa hajamaliza kusalimia. Mgahawani hawezi kuiweka sauti ya mkewe hadharani, kila dereva aisikie. Nafasi pekee aliyokuwa nayo ya kukaa na akili zake ilikuwa juu ya tandiko la baiskeli, na kule upepo na malori hummeza Hamisa mzima mzima. Ndipo alipoamua kununua hedifoni.

Pale Kabuku vitu vya simu huuzwa na Shadya. Ana kibanda kinachotazama barabara kuu, anauza vocha na makava, anachaji simu za watu, na ni mwanamke mwenye mdomo mwepesi na moyo mzuri. Akamwekea Sabiri bidhaa zake zote mezani. Kwanza zilikuja zile kubwa za kufunika sikio zima. Sabiri akazivaa juu ya kofia yake, akajitazama kwenye kioo cha simu, akaona rubani wa ndege. Na jua la Handeni je? Masikio yangeivia humo. Shadya mwenyewe akamvua, akasema hizo ni za kitandani, siyo za barabarani. Zikafuata ndogo zisizo na waya, punje mbili za maharage ndani ya kiboksi. Hizo Sabiri alizipenda, mpaka alipoikumbuka njia ya maboma na makorongo yake, akajiona amepiga magoti kwenye nyasi anatafuta punje ya maharage huku maziwa yanachacha. Akazirudisha. Zikabaki za waya, zenye ndoano ya kushika nyuma ya sikio, ambazo hata zikichomoka zinaning'inia kifuani. Shadya akamvalisha, akafungulia muziki, akauliza kama zinalia. Sabiri akasema zinalia vizuri.

"Lakini usivae zote mbili barabarani, mzee wangu," Shadya alimwambia. "Gari linakupita kuliani. Sikio la kulia liachie barabara. Wewe chomeka hili la kushoto tu, la upande wa porini."

Akaongeza kwamba kwa kukaa pale kibandani ameona mambo ambayo hataki kuyaona tena, na Sabiri akamwahidi. Ulikuwa ushauri wa mtu mwema.

Kesho yake, alipoiacha njia ya vumbi na kushika lami, Sabiri alichomeka sikio la porini, akabonyeza sauti ya kwanza ya Hamisa. Kimya. Akabonyeza ya pili. Kimya. Akasimama, akaijaribu kuliani, Hamisa akaongea wazi kabisa, anauliza kama mvua imenyesha. Kumbe upande wa kushoto umekufa. Akamrudishia Shadya mchana ule ule, na Shadya akambadilishia.

Zile za pili nazo kushoto zilikuwa zimekufa. Sabiri akaghadhibika, maana alikuwa amengoja usiku kucha. Akaona liwalo na liwe, akachomeka kuliani. Akamsikia mkewe anacheka kidogo kuhusu jogoo wa jirani wa Makuyuni, na alikuwa hajasikia kicheko kile tangu lini. Basi akawa anakanyaga pedali polepole, anatabasamu mwenyewe kama mjinga, na lori likampita pua na mdomo. Honi aliisikia kifuani, si masikioni. Upepo wake ulimsukuma mpaka nyasini, dumu moja likafunguka na maziwa yakamwagika yote. Alikaa pale chini muda mrefu, anayatazama maziwa yakinywewa na ardhi. Aliogopa, na zaidi ya kuogopa alichoka.

Asubuhi iliyofuata hata bomani alifika amenuna. Naanyu, mama wa Kimasai ambaye Sabiri amenunua maziwa yake miaka mingi, alisimama ubavuni kwake anammiminia, akamaliza, kisha akaja mbele yake akamtazama. Akamwambia kwamba amemsemesha tangu anaanza kumimina na yeye hajibu, na si leo tu, ni muda sasa. Akamuuliza kama siku hizi maziwa yamempa maringo. Sabiri akaomba radhi, akasingizia uchovu. Uchovu ni kisingizio kizuri, hakuna anayekidai ushahidi.

Akafika kwa Shadya na moto wake. Akamwambia maneno ambayo mtu wa umri wake hakupaswa kuyasema, kwamba anawauzia wazee vitu vya bandia kwa sababu anajua wazee hawana la kumfanya. Shadya aliumia, macho yakamjaa, lakini alikuwa mwenye biashara. Akachukua simu ya Sabiri na hedifoni ile ile, akachomeka upande wa kushoto kwenye sikio lake mwenyewe, akabonyeza. Akasikiliza kidogo tu, kisha akachomoa haraka na kuinamisha uso, kama mtu aliyefungua mlango akakuta wenyewe wanaoga. Alikuwa amemsikia Hamisa.

Hapo akazunguka meza. Akauchukua upande wa kulia, ule ambao Sabiri mwenyewe alikiri kuwa unaongea, akamchomekea mzee kwenye sikio la kushoto, akabonyeza tena. Sabiri alisubiri. Aliona kioo kinaonyesha sauti inakwenda, inakwenda, imekwisha. Hakuna kilichoingia.

"Mzee wangu," Shadya alisema, sasa kwa sauti ya upole, "hedifoni ni nzima."

Sabiri hakuondoka mara moja. Alikaa kwenye benchi la nje la kibanda, madumu yakiwa bado na maziwa. Alikumbuka homa ya mwaka juzi iliyomlaza, jinsi sikio lile lilivyovuma siku kadhaa kama mashine ya kusaga, kisha likanyamaza, na yeye akamshukuru Mungu. Alidhani kule kunyamaza ndiko kupona. Nani angejua? Simu siku zote aliiweka kuliani. Watu aliongea nao uso kwa uso. Wale waliomsalimia kwa pembeni asiitike, walimwita mwenye maringo, na yeye hakujua kama anaitwa hivyo kwa sababu hata hilo walilisemea upande ule ule.

Halafu akamkumbuka Hamisa, na hapo moyo ukamshuka.

Kwa wazee waliomlea Hamisa, jambo zito mke hamwambii mume macho kwa macho. Kumkazia mtu macho ukiomba ni kama kumdai. Mnakaa ubavu kwa ubavu mnapukuchua mahindi, mikono iko kazini, macho yako kwenye ungo, na neno linasemwa mara moja, kwa sauti ya chini. Mume akikubali atajibu. Asipokubali atanyamaza aendelee kupukuchua, na mke hatarudia, maana kurudia ni kumkosea mume adabu na kujishusha mwenyewe. Ni desturi nzuri, imewaepusha watu wengi na fedheha. Tatizo ni kwamba iliwekwa na watu wenye masikio mawili.

Na wakipukuchua, Hamisa hukaa wapi? Kushoto. Daima kushoto, kwa kuwa huko ndiko uliko mlango wa jikoni naye ana chungu chake motoni. Sabiri aliikumbuka jioni moja ya mahindi ya vuli, mvua inapiga bati, mwili wake umekufa kwa kazi. Alihisi kama kuna mtu anawaongelesha kuku. Hakugeuka, akaendelea kupukuchua, punje zikimwagika kwenye ungo. Siku chache baadaye Hamisa alifunga mzigo.

Siku iliyofuata alimwomba Denis, mwenzake wa pikipiki, amzungukie maboma, na yeye akaelekea Makuyuni. Angeweza kupanda basi. Hakutaka kufika haraka, maana maneno alikuwa hajayapata. Akaendesha mpaka Segera, akapita Korogwe mjini, akaendelea, hedifoni akiwa ameziacha nyumbani. Sasa ndipo alipojua jinsi alivyokuwa akiishi kwa bahati. Sikio moja linakwambia kuna gari, halikwambii liko wapi, basi kila ngurumo aligeuka kutazama nyuma, mpaka shingo ikakakamaa. Kila alipogeuka aliwaza mwaka mzima na zaidi wa malori aliyokuwa hageuki.

Alifika jua linaelekea kupoa. Hamisa alikuwa uani anamenya mihogo, amekonda kidogo, kitambaa cha kichwa kile kile cha nyumbani. Alipomwona alinawa mikono, akaja kumpokea baiskeli kwa adabu zote, na zile adabu zikamchoma Sabiri kuliko matusi. Chumbani alikuwamo bibi Maryamu, na mkwe haingii alikolala mkwewe, kwa hiyo Sabiri akakaa kwenye kigoda nje, mgongo ameupa mlango, akatoa shikamoo yake kwa nguvu. Marahaba ikatoka ndani, nyembamba sana, na kikohozi nyuma yake. Bibi akauliza kama mgeni amepewa maji.

Alikunywa maji, kisha akasema yote kwa mkupuo, hedifoni na Shadya na lori na homa ya mwaka juzi. Akasema hilo jibu alilopata Hamisa yeye hakulitoa. Hakusikia swali. Hamisa alimsikiliza huku anamenya, na alipomaliza hakuinua kichwa.

"Kila mwanamume huwa kiziwi akiombwa," alisema.

Sabiri hakuwa na la kuapia. Akageuza macho mbele. Aliwatazama kuku wanaoparura chini ya mhogo, mpaka alipohisi kitu, akageuza uso, akamkuta Hamisa amechuchumaa kushoto kwake, karibu kabisa, midomo imebaki wazi kidogo, kisu kimelala mapajani. Amekwisha kusema. Alilolisema Hamisa, Sabiri hakulijua na hajalijua mpaka leo, lakini aliona uso wa mkewe umebadilika, ule ugumu wa miezi yote umedondoka na nyuma yake hakuna kilichosimama badala yake.

Hamisa akajivuta polepole, akazunguka, akaja kukaa kuliani.

"Nilikuomba Mama aje akae kwetu," alisema. "Nilijua ni neno zito, mkwe kukaa na mkwe. Uliponyamaza nikasema ana haki yake."

Lilikuwa zito kweli. Nani amewahi kukaa nyumba moja na mama mkwe asidhalilike, ampishe bafuni, ale kwa kujificha? Lakini Sabiri hakuhitaji kulipima. Akasema aje. Akasema atamjengea chumba nyuma, mlango wake utazame shambani, asionane naye ovyo, na tofali ataanza kufyatua wiki hiyo hiyo. Alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu wa sikio moja, na chumbani kikohozi cha bibi Maryamu kikakoma kidogo kusikiliza.

Hamisa alilia, na Sabiri akadhani ni furaha. Alikosea.

"Wakati ule alikuwa anaweza kupanda gari," Hamisa alisema. "Sasa hata kumgeuza ubavu ni mpaka nimwite jirani. Hafiki Korogwe mjini, Baba Rukaya, sembuse Kwedizinga."

Kisha, akijifuta kwa upindo wa kanga, akasema kwamba miezi yote hii amekuwa akimkasirikia. Alipoteka maji alikasirika, alipomwosha mama yake alikasirika, na hasira ile ndiyo iliyokuwa ikimwamsha asubuhi na kumsimamisha. "Sasa umekuja kuniambia hukusikia. Hasira yangu nimpe nani?"

Safari hii Sabiri alikuwa amelisikia swali. Alijisikia mwenye hatia bila kosa, ambayo ni hatia mbaya kuliko zote, kwa sababu huwezi hata kuiombea msamaha. Akachukua kisu, akavuta sinia, akaanza kumenya mihogo iliyobaki. Menya yake ilikuwa mbaya, anakata na nyama, na Hamisa alimwacha.

Alilala kwa jirani, kama mkwe apaswavyo. Alfajiri Hamisa alimpigia hodi, akiwa amemfungia viazi vya njiani. Alimsindikiza mpaka barabarani akitembea kuliani kwake, upande wa magari, huku Sabiri anaikokota baiskeli. Alimwambia aende hospitali wakamtazame sikio, na Sabiri akaitika. Alimwambia asivae tena yale madude barabarani, akaitika. Walipofika kwenye lami, Hamisa akasema atarudi. Hakusema lini, na Sabiri alisikia vizuri kabisa kwamba hakusema.